Fito nane kwenye boti moja: kupanga fito na rili za kuvulia krapi

SWALI: Mimi na kaka yangu tunaishi Louisville, Kentucky. Nimekulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na mshipi wa mkono naujua. Huku watu wanavua krapi, samaki mdogo wa maziwa ya Marekani, kwa fito saba au nane zilizochomoza mbele ya boti kama miguu ya buibui. Tumenunua boti ya alumini ya futi 17 yenye mota ya umeme huko omo, yaani mbele ya boti. Duka moja wananiambia fito za futi 10, jingine futi 16, la tatu wanasema nichanganye. Tulijaribu na fito za kuazima za urefu tofauti, nyuzi zikasokotana kila tulipogeuza boti. Ninunue fito na rili zipi, na nizifunge vipi? Tunataka kuanzia Kentucky Lake, baadaye twende kwenye mabwawa ya Mississippi.

JIBU: Ndugu yangu, nianze na jibu fupi, ili hata ukiishia hapa usitupe fedha. Nunua fito nane za futi 12 zinazofanana kwa kila kitu: toleo moja, ulaini mmoja, na rili za aina moja. Zijaze uzi mmoja, zifunge chubwi (kizito cha kuzamisha uzi) la uzito mmoja, na hakikisha ncha zote zinasimama kimo kimoja juu ya maji. Aliyekwambia uchanganye alikuwa anazungumzia uvuvi mwingine, nami nitaufikia mbele. Nyuzi zenu zilisokotana kwa sababu ya fito za kuazima kuliko kwa sababu ya ugeni wenu.

Ila kabla ya kufungua pochi, hesabu fito mnazoruhusiwa. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake. Kwenye mabwawa manne ya kaskazini mwa Mississippi, yaani Arkabutla, Sardis, Enid na Grenada, kikomo ni fito 4 kwa mvuvi mmoja, na ndoana zisizidi 2 kwa kila ufito. Ninyi ni wawili, kwa hiyo nane imewakaa sawasawa. Minnesota, maji yakiwa hayana barafu, mvuvi anaruhusiwa uzi mmoja tu, na mambo yote ninayoeleza hapa hayana kazi kule. Kanuni hubadilika, basi soma kijitabu cha mwaka huohuo cha jimbo unalokwenda, na usome pia ukurasa wa bwawa lenyewe, maana mara nyingi bwawa huwa na masharti yake ya pekee kuhusu idadi na urefu wa samaki.

Sasa samaki mwenyewe, kwa sababu vifaa vinamfuata yeye. Krapi wako wa aina mbili, mweupe na mweusi, na wote wana tabia mbili zinazokuhusu. Ya kwanza, ngozi ya mdomo wake ni nyembamba mno, hata wavuvi wa huko humwita mdomo wa karatasi. Ukimkwanyua kwa nguvu ndoana inapasua tundu na samaki anaondoka. Ya pili, macho yake yamekaa juu ya kichwa na hula akipanda. Chambo kilicho futi moja juu yake anakiona na kukifuata, lakini kilichopita chini ya tumbo lake ni kama hakipo. Krapi mweupe mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za dunia, wa ratili 5 na wakia 3 (kilo 2.35), alivuliwa Enid mwaka 1957. Mtakaowapata ninyi wengi watakuwa kati ya nusu ratili na ratili moja na nusu. Vifaa vya nguvu nyingi havina kazi hapa. Mnachohitaji ni vifaa vinavyosoma vizuri.

Neno hilo la kusoma ndilo la msingi. Kwenye mshipi wa mkono ulizoea kungoja kidole kivutwe. Hapa hakuna kidole. Fito zimelala kwenye vishikio na ninyi mnatazama ncha nane. Chubwi likining'inia, ncha inainama kidogo. Samaki akivuta chini, inainama zaidi, na hiyo kila mtu anaiona. Lakini krapi mara nyingi huchukua chambo na kupanda nacho. Hapo uzito wa chubwi unapungua na ncha inanyooka. Mgeni anaiona ncha imenyooka na hafanyi lolote, naye samaki anatema. Tena ncha hunyooka vilevile chubwi likigusa chini. Utatofautishaje? Kwa kuangalia majirani. Ncha moja ikinyooka peke yake, huyo ni samaki, inua. Ncha tatu au nne za upande mmoja zikinyooka kwa kufuatana, hiyo ni sakafu ya ziwa inapanda, punguza uzi upesi. Usomaji huo hauwezekani fito zikiwa mchanganyiko, maana ufito laini na ufito mgumu huinama tofauti hata kama chubwi ni moja, na huwezi kujua kama tofauti unayoiona inatoka kwenye maji au dukani.

Kuhusu urefu: futi 10, 12, 14 na 16 zote zinatumika, na kila moja ina bei yake ya usumbufu. Kadiri ufito unavyokuwa mrefu, ndivyo ncha zinavyoachana zaidi na chambo kinavyokaa mbali na kivuli cha boti na kelele za mota. Kwenye maji maangavu, au maji ya futi 4 hadi 6 wakati krapi wamesogea ufukweni kuzaa, umbali huo ni mali, na hapo ndipo wavuvi wa futi 14 na 16 wanapopata haki yao. Lakini ufito wa futi 16 unayumba na kila wimbi, upepo unaushika, na wimbi dogo chini ya boti linageuka kuwa mruko mkubwa kwenye ncha, chambo kinapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Futi 10 zinatulia vizuri kwenye upepo na maji ya matope, ila ncha zinakaribiana na boti inakuwa karibu mno na samaki. Futi 12 kwenye boti ya futi 17 zinakupa nafasi ya futi 3 hadi 4 kati ya ncha na ncha mkizitandaza kama kipepeo, na mtu mmoja anaweza kuuinua ufito kwa mkono mmoja na kumpokea samaki kwa mkono wa pili. Zikiwatosha kwa msimu mzima, mwaka wa pili mtajua wenyewe kama mnahitaji seti ya pili ya futi 14.

Mkiwa dukani, jaribuni ulaini hivi. Shika ufito ulale usawa wa sakafu, ning'iniza chubwi la nusu wakia (gramu 14) kwenye ncha. Sehemu ya mwisho iiname kiasi cha shubiri moja, na kuanzia katikati kuja mkononi ufito ubaki umenyooka. Ukiinama wote kama upinde, utachelewa kumwinua samaki na utacheza ovyo kwenye mawimbi. Usipoinama kabisa, hautaonyesha mdono mdogo wala ule wa kupanda, na utachana midomo. Kagueni pia pete moja moja kwa kipande cha pamba. Nyuzi za pamba zikinasa, pete ina ufa na itakata uzi.

Fedha iende kwenye fito na vishikio. Rili hapa haina kazi kubwa. Hutupi mbali, na samaki mwenyewe hakimbii na uzi. Rili inatunza uzi wa ziada, inakuwezesha kubadili kina, na inakusaidia uzi ulioko nje unapokuwa mrefu kuliko ufito, kwa sababu hapo huwezi kumwinua samaki akafika mkononi bila kukunja kwanza. Rili ndogo ya kawaida yenye waya wa kufungua, ya saizi 1000 au chini yake, inatosha. Ila nipendavyo mimi ni ile rili bapa inayokaa juu ya ufito na kuachia uzi kwa kubonyeza kidole gumba. Unabonyeza, chubwi linashuka, unazungusha mkono wa rili kidogo ijifunge, basi. Haina waya wa kukumbuka kuurudisha, na haining'inii chini ya kishikio ikagonga chuma. Yoyote utakayochagua, ziwe nane za aina moja. Mkono usiku au kwenye baridi haupaswi kufikiri kitufe kiko wapi.

Breki ya rili ilegezwe mpaka uzi utoke ukiuvuta kwa vidole viwili bila kukaza msuli. Wengi huikaza kabisa wakisema ufito ni laini, utafidia. Utafidia kwa krapi. Kambare akipita, na kwenye mabwawa haya atapita, utapoteza ndoana mbili na pengine ufito mzima ndani ya maji.

Uzi: nailoni ya kawaida, yenye nguvu ya ratili 10 kwa uzi mkuu, rangi ya njano kali au nyekundu inayoonekana kwa macho, na ratili 8 isiyo na rangi kwa sehemu ya chini yenye ndoana. Rangi ni kwa ajili yenu, mpate kuona uzi unaingia maji kwa pembe gani. Sehemu ya chini iwe dhaifu kidogo kuliko ya juu, ili mkinasa kwenye kisiki pakatike huko chini na si kwenye ncha. Msitumie uzi wa kusukwa. Hauvutiki, kwa hiyo kila mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye mdomo wa karatasi, na kwenye upepo huo uzi laini hujizungusha kwenye ncha ya ufito mpaka uutoe kwa mkono. Hamhitaji kujaza rili nzima kwa uzi mpya. Jaza theluthi mbili kwa uzi wowote wa zamani, kisha fungia meta 40 za uzi mpya juu yake. Nane mara 40 ni meta 320, na bunda moja kubwa linatosha hata kubadilisha zote katikati ya msimu. Nailoni hulala ikakumbuka mikunjo ya rili, na uzi uliojikunja kama chemchemi unadanganya ncha.

Sasa ufungaji wa ndoana, na hapa tumieni kipimo, si jicho. Mpango ninaowapa unafanana na ule uliotangazwa na Ronnie Capps na Steve Coleman, mabingwa wa mashindano ya krapi wa upande wa Reelfoot Lake, Tennessee. Uzi mkuu unafungwa kwenye swiveli ya njia tatu, yaani kiungo kidogo kinachozunguka chenye macho matatu. Kwenye jicho la pembeni funga kipande cha sentimita 20 chenye ndoana ya juu. Kwenye jicho la chini funga uzi wa sentimita 90. Katikati yake, yaani sentimita 45 kutoka kwenye swiveli, weka chubwi la umbo la yai la gramu 14: pitisha uzi kwenye tundu la chubwi, uzungushe urudi juu, upitishe tena, mara 4 au 5, ukaze. Likifungwa hivyo halitelezi lenyewe, na bado unaweza kulisogeza kwa mkono ukitaka. Mwisho wa uzi funga ndoana ya chini. Chubwi likiwa katikati, uzi wa juu unasimama wima na ndoana ya chini inaelea nyuma kidogo bila kuzuiwa na uzito, jambo ambalo kisamaki cha chambo kinalipenda na krapi pia.

Ndoana ziwe za waya mwembamba, mguu mrefu, saizi kati ya 2 na 1/0. Wembamba huo una sababu mbili. Haikiui kisamaki upesi, na ikinasa kwenye gogo mkavuta polepole kwa kunyoosha, mara nyingi inafunguka na kutoka, kisha mnaikunja tena kwa koleo. Ndoana nene itawagharimu uzi kila mara. Kisamaki chomeni kutoka chini ya kidevu mpaka juu ya mdomo, kwa kuwa boti inakwenda mbele nacho kinapaswa kuogelea kikitazama mbele. Ukikichoma mgongoni kinaburutwa kinyumenyume na kinakufa. Mkitaka jigi (ndoana yenye kichwa cha risasi) badala ya ndoana tupu, weka ya wakia 1/32 (gramu 0.9) juu na ya 1/16 (gramu 1.8) chini.

Kentucky Lake ina kingo za mto wa zamani chini ya maji na rundo la matawi yaliyozamishwa kwa makusudi. Kwenye sehemu kama hizo wenyeji hutumia mpango mwingine, chubwi likiwa chini kabisa na ndoana mbili zikitoka ubavuni juu yake, ili chubwi ligonge matawi kabla ya ndoana. Fungeni seti chache za namna hiyo mziweke akiba. Ila msizichanganye siku moja na zile nyingine. Mkibadili, badilini zote nane.

Kina mtakipimaje? Kwa ufito wenyewe. Ufito wa futi 12 una rili karibu futi 1 kutoka kitako, kwa hiyo kutoka rili hadi ncha ni futi 11. Simamisha ufito, legeza uzi mpaka chubwi lifike usawa wa rili. Umetoa futi 11. Ukiulaza kwenye kishikio, ncha ikiwa futi 1 juu ya maji, chubwi liko futi 10 chini, ndoana ya juu iko kama futi 8 na nusu na ya chini kama futi 11 na nusu. Kuongeza, shika uzi mbele ya rili na uvute mpaka mkono unyooke. Pima mvuto wako kwa utepe mara moja nyumbani, kwa wengi ni karibu futi 2. Kaka yako naye apime wake, usidhani mikono yenu ni sawa. Mkitaka alama ya kudumu, fungeni fundo dogo la uzi wa kushonea juu ya uzi mkuu pale kwenye futi 11. Linapita kwenye pete bila shida, na wino unafutika ndani ya wiki.

Hesabu hiyo ni ya uzi ulio wima. Boti ikienda, uzi unalala nyuma. Ukilala digrii 30 kutoka wima, futi 10 za uzi zinakupa kina cha futi 8.7. Ukilala digrii 45, zinabaki futi 7.1, na chambo mlichodhani kiko usoni kwa samaki kinapita futi tatu juu yake. Basi mwendo uwe kati ya maili 0.3 na 0.5 kwa saa, na jicho liwe kwenye pembe ya uzi kuliko kwenye namba ya mwendo iliyo kwenye kioo cha kifaa. Uzi ukilala zaidi ya digrii 20 hivi, punguza mwendo. Kama upepo haukuruhusu, badilisha machubwi yote yawe ya robo tatu wakia (gramu 21) au wakia nzima (gramu 28).

Vishikio ndipo watu wanapobana fedha na kujuta. Fungeni nguzo mbili zenye umbo la T kwenye sakafu ya omo, moja mbele ya kila kiti, kila nguzo na vishikio vinne. Chagueni aina iliyo wazi juu, ambayo ufito unatoka kwa kuuinua mara moja bila kufungua kitu. Msingi wa nguzo msiuzuie kwa skrubu za juu juu. Tobozeni sakafu, wekeni bolti za chuma kisichoshika kutu za milimita 6, na chini ya sakafu bati au kipande cha mbao ngumu pamoja na washa pana. Chubwi la gramu 14 halina nguvu, lakini ndoana ikinasa kwenye kisiki boti ikiwa inakwenda, ufito wa futi 12 unakuwa mtaimbo, na mtaimbo hung'oa skrubu.

Kupanga pembe fanyeni nyumbani. Boti ikiwa kwenye trela mahali tambarare, wekeni fito zote nane na machubwi yakining'inia, kisha fungeni kamba kati ya vigingi viwili kwa kimo cha sentimita 30 juu ya mstari wa maji wa boti. Kila ncha iletwe kwenye kimo hicho cha kamba. Fito za ndani kabisa zitazame mbele zikiachana kidogo, za nje zielekee karibu na ubavu. Mkisharidhika, pigeni alama ya rangi kwenye kila kiungo cha kishikio, ili siku nyingine mrudishe palepale bila kubahatisha. Mkiwa majini mtagundua omo imezama kidogo kwa uzito wenu. Rekebisheni zote pamoja kwa kiasi kimoja.

Zipeni fito namba, kutoka kushoto 1 hadi 8. Asubuhi ya kwanza anzeni na ngazi: namba 1 na 8 kina cha futi 7, namba 2 na 7 futi 8, namba 3 na 6 futi 9, namba 4 na 5 futi 10. Kila kina kina ufito kila upande, kwa hiyo mkipata samaki wawili kwenye futi 9, mmoja kulia na mmoja kushoto, mnajua ni kina na si upande wa jua. Samaki wa tatu akija kwenye kina kilekile, leteni fito sita hapo na muache mbili tu zikitafuta juu na chini yake. Rangi za jigi zisiguswe kabla kina hakijajulikana. Ukibadili vitu viwili kwa pamoja hujajifunza hata kimoja.

Na kule kusokotana. Mota ya omo ikigeuza boti, fito zilizo mbele zinafagia pembeni kama ufagio, ncha zinatangulia na machubwi yanafuata kwa kuchelewa. Machubwi yakiwa sawa na kina kikipishana futi moja moja, nyuzi zote zinalala upande mmoja kwa pembe inayokaribiana, na jirani hamgusi jirani. Gramu 7 ikiwa kando ya gramu 28, ile nyepesi inalala sana, nzito inasimama, na zinakatana hapohapo. Vivyo hivyo ukiweka futi 5 kando ya futi 15. Hata mkiwa na vifaa sawa, geuzeni kidogo kidogo: sukuma omo digrii kumi hivi, ngoja nyuzi zisimame, sukuma tena. Mkitaka kurudi mlikotoka, inueni fito zote, geuzeni, kisha mziteremshe. Dakika tatu za kuinua ni nafuu kuliko nusu saa ya kukata mafundo. Elekezeni omo kwenye upepo kila mnapoweza, maana boti inayosukumwa na upepo kutoka tezi, yaani nyuma, haitii mota. Ikibidi kwenda na upepo, ningʼinizeni nanga ya turubai huko tezi ipunguze kasi.

Ndoana ikinasa, kosa la kwanza la kila mtu ni kushika ufito na kuvuta huku boti bado inasonga. Zima mota kwanza. Kisha rudisha boti nyuma mpaka uwe juu ya kisiki, ndipo uvute wima. Mwenzako wakati huo ainue fito mbili za jirani. Krapi akila, usikwanyue. Inua ufito kwa mwendo mmoja mpole kama unayechota maji na usilegeze uzi hata kidogo, kwa sababu tundu la ndoana kwenye mdomo wake hupanuka na uzi ukilegea inachomoka. Samaki wa zaidi ya ratili moja mpokee kwa wavu wenye mpini mrefu, wa futi 6 au zaidi, kwa kuwa ncha iko mbali na mkono wako.

Sasa yule aliyesema uchanganye urefu. Alikuwa na maana ya kurambaza kutoka tezi: jigi nyepesi zinaburutwa nyuma ya boti kwa maili karibu 1 kwa saa, uzi mrefu, bila chubwi. Huko fito ndefu hukaa nje na fupi hukaa karibu na mota, kwa sababu tofauti ya urefu ndiyo inayotenganisha nyuzi. Ni uvuvi mzuri wa kufagia maji mapana, lakini unataka seti yake, na kwa chambo bandia kinachozama chenyewe unataka hata rili zenye kihesabio cha uzi. Jueni mmoja vizuri kwanza. Wapo pia watakaokuambia fito nyingi zimepitwa na wakati tangu sona ya moja kwa moja ya kampuni ya Garmin ilipotoka mwaka 2018, kwa kuwa sasa mtu anamwona samaki kwenye kioo na kumshushia jigi kwa ufito mmoja. Kwa samaki mkubwa mmoja mmoja, wana hoja. Lakini kifaa hicho ni ghali, na krapi wakiwa wametawanyika kwenye maji ya matope ya Mississippi, fito nane zilizopangwa vizuri bado zinajaza ndoo.

Jambo la mwisho ni la garini. Fito nane ni ndoana kumi na sita, na zikilala pamoja kutoka Louisville mpaka ziwani mtafika na kichaka. Kateni vipande vya lile bomba la sponji la kuogelea, urefu wa sentimita 15 kila kimoja, mkichane ubavuni kivae juu ya kipini cha ufito. Viringisheni uzi wa chini wote hapo, ndoana zichomwe kwenye sponji, kisha kila ufito uingie kwenye mfuko wake wa kitambaa chembamba. Bomba moja linatosha vipande vinane.